Dawa za oparesheni ya uzazi na moyo wako: cha kusema na cha kuangalia

Kabla hujaingia chumba cha oparesheni mwambie daktari wa usingizi kila kitu kuhusu moyo wako, presha ya mimba, tatizo la valvu, dawa unazomeza hata zile unaona za kawaida tu. Hapo usione aibu. Kama una presha ya juu litaje hilo mapema kabisa, kwa sababu egometrini inayozuia damu kutoka sana inabana mishipa na kupandisha presha ghafla, kwa hiyo wataikwepa watumie nyingine.

Ukichomwa sindano ya ganzi ya mgongo, presha huwa inashuka ndani ya dakika chache. Ukisikia kichefuchefu, kizunguzungu au masikio yanavuma SEMA hapohapo, usisubiri utapike, maana mara nyingi hiyo ni presha inaanguka na dawa ya kuipandisha ipo tayari pembeni. Fenilefrini inapandisha presha ila mapigo yanaweza kwenda polepole, efedrini yenyewe inayaongeza. Watakulaza umeegemea kushoto kidogo ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Mtoto akishatoka unapewa oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu isitoke sana. Hii ikisukumwa haraka moyo unadunda kwelikweli, uso unawaka, presha inashuka, ndo maana inaingizwa taratibu. Kifua kikibana au ukikosa pumzi waambie, hata kama wako bize wanashona.