SOMO: Mtafiti yuko mlangoni na maboksi hayajapangwa, ufanyeje?

Nimechoka kulijibu swali hili kwenye simu, kwa hiyo naliandika mara moja. Makanisa, shule na vyama vya ushirika hapa Nairobi huniuliza: "Mtafiti anataka kuona karatasi zetu na hatujazipanga. Tumwambie asubiri?" Hapana. Kibali chake kina mwisho. Kikiisha ataondoka, na historia yenu itaandikwa bila karatasi zenu.

Hatua ya 1. Yape maboksi namba na uyahesabu.

Hatua ya 2. Boksi lenye unyevu, kuvu au wadudu litenge. Halisomwi.

Hatua ya 3. Andika ukurasa mmoja tu kwa kila mkusanyo: karatasi ni za nani, za miaka ipi, lugha gani, maboksi mangapi, kipi kimezuiwa. Juu yake andika wazi "HAUJAPANGWA". Msione aibu. Mwaka 2005 watunza nyaraka wawili wa Marekani, Mark Greene na Dennis Meissner, walitetea kazi ya namna hii: kwa mikusanyo mikubwa ya karne ya 20, walisema saa 4 hivi kwa futi moja ya ujazo zinatosha. Kungoja orodha ya kila karatasi ndiko kunakorundika maboksi stoo.

Hatua ya 4. Usomaji wenyewe. Hapa ndipo watu huharibu. Mtu yeyote, awe mtafiti au kijana wa mafunzo, asikusaidie kupanga karatasi kwa tarehe! Jinsi zilivyokaa ni ushahidi. Kuna boksi la chama kimoja cha ushirika ambamo kila lalamiko la mkulima lilikuwa limebanwa kwa pini pamoja na risiti yake na jibu la karani. Kijana mwenye nia njema akang'oa pini zote, akapanga kila kitu kwa tarehe. Leo risiti zipo, malalamiko yapo, na hakuna ajuaye risiti ipi ni ya lalamiko lipi. Kwa hiyo: piga picha boksi likiwa wazi kabla ya kutoa chochote. Boksi moja mezani, faili moja wazi. Faili likitoka, weka kipande cha kadi mahali pake. Penseli tu, kalamu ya wino ibaki nje. Kilichobanwa kibaki kimebanwa, hata kama pini ina kutu. Hiyo mtaitoa baadaye, kwa utaratibu.

Hatua ya 5. Mtafiti akimaliza, mwombe orodha ya mafaili aliyoyaona, uiongeze kwenye ule ukurasa.

MASWALI

Kamaa254: Si mskani tu kila kitu yaishe?

Jibu: Soma hatua ya 3. Ukiskani usichokijua utapata maelfu ya picha zisizo na majina.

Binti_Maktaba: Shikamoo mwalimu. Tuna maboksi 60 na niko peke yangu. Siri za watu nitazikaguaje?

Jibu: Marahaba binti, hili ni swali la maana. Usikague karatasi mojamoja, kagua aina. Mafaili ya wafanyakazi, nidhamu, matibabu na watoto kwa kawaida hukaa pamoja, na vichwa vyake vinajieleza. Yatoe, yafunge kwa utepe, andika sababu na tarehe ya kuyaangalia upya. Kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ripoti za mwaka, kumbukumbu za mikutano na vitabu vya hesabu vitangulie kwa msomaji. Kisha mtafiti atie sahihi kwamba akikuta habari za mtu binafsi atakuonyesha na hatazichapisha. Ukikwama niandikie, tutapitia pamoja.

Kamaa254: Lakini sheria inasema nyaraka zisisomwe hadi zifike miaka 30.

Jibu: Hiyo ni ya nyaraka za umma, kama zile zilizo Makavazi ya Taifa pale Moi Avenue. Karatasi za kanisa lenu ni mali binafsi. Soma barua ya aliyezitoa.

Mama_Stoo: Sisi maboksi yako sakafuni na mvua za Machi zinakuja. Rafu hatuna pesa.

Jibu: Tafuta paleti za mbao zilizotumika, Eneo la Viwanda zinapatikana. Zianike juani kwanza na ukague mchwa.

Binti_Maktaba: Na usizisukume hadi ukutani, mama. Acha nafasi ya kupitisha mkono, ukuta wetu ulilowa na upande wa nyuma hatukuuona.