Kabla ya Kupanda Cusco: Mambo ya Kuzingatia kwa Safari Fupi ya Peru

Wengi wanaopanga siku saba za Peru huanza na picha ya Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka, kisha tiketi ya ndege, kisha hoteli. Mimi ningeanza na mwinuko. Mji wa Cusco, ambao karibu kila mgeni huupitia, uko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ajue hapo ni kati ya Mandara na Horombo. Lakini Horombo unafika kwa miguu, siku ya pili, huku kiongozi wako akikukumbusha "pole pole". Cusco unatua kwa ndege uliyoipanda Lima, pwani kabisa, saa moja na ushee tu kabla. Mwili wa mtu wa Tanga au Mombasa haujapata hata siku moja ya kuzoea.

Hapo kichwa hugonga, chakula hakipiti, usingizi hukatika na ngazi kumi zinatosha kukumaliza pumzi. Kwa kawaida hali hupoa baada ya siku moja au mbili, ila katika safari fupi hizo ndizo siku zenyewe za kutembea. Kwa hiyo panga safari kwa kufuata mita. Ukitua Cusco usilale huko. Chukua gari siku hiyohiyo, uteremke Bonde Takatifu hadi Ollantaytambo, penye mita kama 2,800. Lala hapo siku mbili, nenda Machu Picchu ambayo iko chini zaidi, mita 2,430 hivi, ndipo urudi kuitembelea Cusco mwishoni, mwili ukiwa umezoea. Vinicunca, ule mlima wa rangi unaopita mita 5,000, katika safari ya wiki moja ningeuacha kabisa.

Kuna jambo linalotugusa sisi zaidi, na sioni likitajwa vya kutosha. Mwenye selimundu asikate tiketi kabla ya kuonana na daktari wake, kwa sababu upungufu wa oksijeni unaweza kumwanzishia maumivu makali. Hata aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu, na hajawahi kuugua, aulize. Vivyo hivyo kwa mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, na mjamzito. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko wanayotumia baadhi ya wapandaji wa Kilimanjaro, nayo iulizie kwa daktari, usiazime ya rafiki. Hotelini utakaribishwa chai ya majani ya koka. Kule ni halali na ni desturi ya kale, lakini usiyafungashe kwenye begi: nchi nyingi zinayahesabu kuwa dawa za kulevya.

Viza ya Peru iulizie kwenye ubalozi wake unaohudumia nchi yako kabla hujalipia chochote. Kisha tazama unapitia wapi. Marekani itakudai viza hata kama unabadilisha ndege tu. Ukipitia Addis Ababa na São Paulo, hakikisha safari nzima iko kwenye tiketi moja. Ukikata tiketi mbili unaweza kulazimika kuingia Brazili kuchukua begi, na hapo masharti yao ya viza yatakuhusu. Kadi ya njano nayo usiisahau. Peru na Brazili zina maeneo ya homa ya manjano, na ni wakati wa kurudi nyumbani ndipo utakapoulizwa. Chanjo huanza kuhesabika siku ya 10, kwa hiyo usiiache kwa wiki ya mwisho.

Tiketi ya Machu Picchu hubeba jina lako, namba ya pasipoti, saa ya kuingia na mzunguko, yaani njia utakayopita ukiwa ndani. Mizunguko ni mitatu. Wa kwanza hukupa mandhari kutoka juu bila kukushusha ndani ya mji wenyewe. Kwa anayekwenda mara moja maishani, ningetafuta wa pili, nao huisha mapema. Choo kiko nje ya lango, na ukishatoka hurudi kwa tiketi ileile. Begi kubwa liache hotelini, hata treni ina kikomo cha mizigo. Saa zote zimeandikwa kizungu: 06:40 ni saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi.

Mei hadi Septemba ni kiangazi, na usiku wa Juni na Julai ni wa sweta nzito. Januari na Februari mvua ni kubwa. Januari 2010 mafuriko yalikata reli na maelfu ya watalii wakatolewa kwa helikopta. Ukienda miezi hiyo, acha siku moja ya akiba kabla ya ndege ya kurudi.

Fedha ni sol, na dola zilizochanika hukataliwa. Maji ya bomba usinywe. Kihispania jifunze maneno ishirini tu. Irabu zake ni zetu zilezile tano, na "mesa" utaitambua bila kufundishwa. Nyumbani waachie saa ya kupiga simu: ikiwa saa mbili usiku Dar, Peru ni saa sita mchana.