Kabla hujapanda ndege kuukuu kwa tiketi ya bei nafuu

Umekata tiketi ya daraja la kawaida kwa bei ya chini, kisha ukagundua ndege yenyewe ina miaka 20 na ushei. Usianze kuaga watu. Ndege huchoshwa na wingi wa safari kuliko miaka, kwa kuwa kila ikipaa bodi lake hujazwa hewa likatanuka, na ikitua hunywea. Mwaka 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyokuwa imeruka zaidi ya mara 89,000, ilibanduka paa ikiwa angani huko Hawaii, na baada ya hapo ukaguzi wa ndege za zamani ukakazwa. Kitakachokusumbua wewe abiria ni uchakavu wa humo ndani.

Umeme kwanza. Viti vingi vya zamani havina pa kuchajia, na tundu likiwepo huenda limelegea hata plagi haishiki. Jaza chaji kabla ya kutoka, pakua filamu zako mapema, maana skrini nayo inaweza kuwa haipo au imekufa. Pawabenki iweke kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye sanduku linalokwenda chini: betri ya lithiamu ikishika moto kwenye shehena hakuna wa kuiwahi. Kikomo cha kawaida cha chaji inayobebwa na pawabenki ni wati-saa (Wh) 100, takriban mAh 27,000, na kama maandishi ya kiwango hicho juu yake yamefutika wakaguzi wanaweza kuizuia. Beba pia hedifoni za waya, kwani skrini za zamani hazijui bluetooth.

Kiti nacho kichague kwa akili. Vile vilivyo mbele tu ya mlango wa dharura mara nyingi havilali. Safu ya mwisho hugota ukutani, na jirani yako ni choo. Niliwahi kukaa hapo saa sita. Foleni ilisimama begani kwangu tangu chakula kilipoondolewa, na kila mlango ulipofunguliwa taa ilinimulika usoni. Ukiogopa mtikisiko, kaa usawa wa mabawa. Kulipia kiti? Kwa safari ya saa moja na nusu mimi silipi. Ya usiku kucha, nalipa bila kinyongo.

Hewa ya ndani ni kavu, unyevu mara nyingi haufiki asilimia 20, na shinikizo lake linaweza kuwa kama la mlima wa mita 2,400. Ndiyo maana midomo hukauka na kichwa huuma. Pita ukaguzi na chupa tupu, uijaze ukishavuka. Sweta usiliache: kile kitundu cha hewa juu ya kichwa kikikwama wazi, utapulizwa utosini hadi mnatua. Mimi nilikiziba na karatasi ya kufutia mikono.

Mizigo ndiyo hula nafuu yote ya tiketi. Soma uzito unaoruhusiwa kwenye tiketi yako mwenyewe, wala usimsikilize aliyesafiri mwaka jana. Pima begi nyumbani, na kama litazidi, lipia mtandaoni mapema; kwenye kaunta kwa kawaida ni ghali zaidi. Likizidi kidogo tu, vaa koti na viatu vizito, chaja tia mfukoni. Mizani ya pale hupima begi.