Baiskeli ya Mbio Iliyochakaa: Jinsi ya Kupima Kabla ya Kuamua Kuitengeneza au Kununua Nyingine

Miaka kadhaa iliyopita niliitengeneza baiskeli yangu ya mbio kwa muda wa miezi minane, kidogo kidogo. Mwezi huu mnyororo, mwezi ujao tairi, kisha friwili (yale magurudumu ya meno ya nyuma), kisha rimu ya nyuma. Kila kitu nilikiona cha bei ndogo, na hakuna hata siku moja niliyokaa nikajumlisha. Mwezi wa tisa, fundi alipofungua gurudumu la nyuma ili azibe pancha, akanionyesha ufa kwenye fremu, pale ekseli inapokaa. Ufa ule ulikuwa na kutu ya siku nyingi ndani yake, maana yake ulikuwepo kabla sijanunua hata mnyororo. Somo hili ninalowapa wanachama wetu limetokana na kosa hilo. Tutapima kwa mpangilio, tukianza na sehemu ambayo ikiwa mbovu hufuta hesabu nyingine zote, na hatutanunua chochote mpaka upimaji uishe.

Ninazungumzia baiskeli za mbio za zamani zinazoletwa na mtumba: fremu ya chuma au alumini, usukani uliopinda kama pembe za kondoo, matairi membamba, na pengine mikono ya gia iliyofungwa kwenye bomba la chini. Baiskeli ya Phoenix ya kubebea magunia ina hesabu yake nyingine, kwa sababu vipuri vyake viko kila mtaa. Ugumu wa baiskeli ya mbio ni kwamba vipuri vyake havilingani na hivyo vya mtaani, hata pale vinapofanana kwa macho. Andaa futi yenye milimita, kamba nyembamba ya mita tatu hivi, tochi, kitambaa, karatasi na kalamu.

Hatua ya kwanza ni fremu, na usiianze kabla ya kuiosha na kuikausha baiskeli, kwa kuwa ufa mdogo hujificha chini ya vumbi lililoshikana na mafuta. Mulika pale mabomba yanapokutana na shingo (bomba fupi la mbele ambamo usukani huzunguka), eneo la kati linaloshika ekseli ya pedeli, masikio ya nyuma yanayoshika gurudumu, na mahali nguzo ya kiti inapobanwa. Ufa huonekana kama mstari mwembamba kwenye rangi, mara nyingi ukiwa na kutu inayochuruzika. Kisha pitisha kidole upande wa chini wa bomba la chini, sentimita chache kutoka shingoni. Ukigusa kiwimbi au rangi iliyokunjamana, baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu kwa mbele, na yamkini uma wake wa mbele, ambao mafundi huuita foku, umerudi nyuma.

Baada ya hapo tumia kamba. Ifunge kwenye sikio moja la nyuma, ipeleke mbele, izungushe shingo, uirudishe hadi sikio la pili na uivute ikaze. Pima umbali kati ya kamba na bomba la kiti, upande wa kushoto na wa kulia. Tofauti ya milimita moja haina neno. Ikizidi tatu, fremu imepinda, na baiskeli itakuwa ikivuta upande mmoja hata ukiifungia magurudumu mapya. Fremu ya chuma fundi mzoefu anaweza kuinyoosha. Ya alumini isinyooshwe, kwani alumini iliyopinda ikirudishwa kwa nguvu hupata nyufa.

Wanaoishi pwani wana kazi ya ziada, kwa sababu hewa ya chumvi huila fremu ya chuma kutoka ndani. Toa nguzo ya kiti, igeuze baiskeli juu chini, uone kama maji au unga wa kutu utamwagika. Kutu ya juu inayoondoka kwa msasa isikutishe. Ya kuogopwa ni ile inayobonyea au kutoboka unapoikwaruza kwa ncha ya bisibisi. Nguzo ya alumini ikiwa imegandana na bomba la chuma, usiipige nyundo. Mwagia mafuta membamba ya kulainishia kutu, acha kwa siku mbili au tatu, kisha jaribu kuizungusha taratibu. Hatimaye simama ukiwa na bomba la juu katikati ya miguu yako, nyayo zote zikiwa chini. Fremu isiyokutosha hakuna fundi wa kuitibu, na kama ni ya alumini na ina ufa, upimaji unaishia hapa, kinachobaki ni kuvua vipuri vyake.

Hatua ya pili ni magurudumu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa sababu ya namba. Soma ubavuni mwa tairi, utafute namba mbili zilizotenganishwa na kistari, kwa mfano 25-622 au 32-630. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, zote kwa milimita. Baiskeli nyingi za mbio za sasa hutumia 622, ambayo huitwa pia 700C. Za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mara nyingi zilikuja na inchi 27, yaani 630. Zile nyeusi za kubebea mizigo, za inchi 28, ni 635. Mtu akiyaona matairi hayo matatu yamening'inia dukani hawezi kuyatofautisha, lakini la 622 halitaingia kwenye rimu ya 630 hata likivutwa na watu wawili, na la 635 litapwaya kwenye 630 na linaweza kuchomoka ukiwa mwendoni. Iandike namba hiyo ya tarakimu tatu kwenye karatasi yako kabla ya kwenda popote.

Sasa angalia rimu zenyewe. Inua gurudumu, lizungushe, uangalie nafasi kati ya rimu na raba ya breki. Kuyumba kidogo hurekebishwa kwa kukaza na kulegeza spoku, na ni kazi ya bei nafuu. Rimu iliyopasuka kwenye matundu ya spoku, au iliyoliwa na breki hadi ukuta wake ukabonyea kama sahani ukiwekewa rula, haitengenezeki. Zipo pia rimu za chuma zinazong'aa kama vyombo vya harusi. Hizo hata zikiwa nzima mimi huzihesabia pointi za kushuka, kwa sababu zikilowa breki hushika kwa shida sana, na masika yetu hayana huruma. Tairi lenye nyufa nyingi ubavuni limekufa kwa umri, hata kama kashata zake (vile vinundu vinavyokanyaga barabara) bado ni ndefu.

Kwa gurudumu la nyuma, pima pia nafasi ya ndani kati ya masikio mawili ya fremu. Utapata milimita 120 kwenye baiskeli za zamani sana zenye gia tano nyuma, 126 kwenye zenye sita au saba, na 130 kwenye zenye nane na kuendelea. Fremu ya chuma ya 126 hupokea gurudumu la 130 kwa kutanuliwa kidogo kwa mikono, kwa kuwa kila upande unasogea milimita mbili tu. Ya alumini usiilazimishe.

Hatua ya tatu ni mnyororo na meno yake. Pingili za mnyororo zina urefu wa nusu inchi, yaani milimita 12.7, kutoka pini hadi pini. Weka sifuri ya futi katikati ya pini moja, uhesabu pingili 24, uone katikati ya pini ya mwisho imefika wapi. Mnyororo mpya hufika milimita 304.8. Ukifika 306.3 hivi, umerefuka kwa nusu ya asilimia moja, na kubadilisha mnyororo peke yake kwa kawaida kunatosha. Ukifika 308, umekwisha kuyala meno ya friwili, na mnyororo mpya utakuwa ukiruka kila unapokanyaga kwa nguvu. Hapo nunua vyote viwili au acha vyote viwili. Wengi humlaumu fundi kwa mnyororo kuruka, kumbe alifunga kile alichoambiwa akifunge.

Hatua ya nne ni mambo yaliyobaki, nayo hayahitaji maelezo marefu, kwa sababu ni ya gharama ndogo. Gololi zinazokwaruza huoshwa kwa mafuta ya taa, zikapakwa grisi mpya, isipokuwa koni (vile vyuma ambavyo gololi hubingirika juu yake) zikiwa na mashimo. Nyaya na raba za breki zihesabu kuwa lazima zinunuliwe, iwe unatengeneza au unanunua nyingine.

Hatua ya tano ni karatasi. Andika bei ya kila kipuri kilichokufa, ongeza ufundi, jumlisha. Kando yake andika bei ya baiskeli nyingine ya mtumba, lakini usiishie hapo: ongeza matairi, nyaya, raba na grisi ambazo hiyo nayo itazihitaji wiki ya kwanza. Hapa ndipo watu hujidanganya, kwa kulinganisha baiskeli yao ikiwa imeshatengenezwa na ya dukani ikiwa bado. Tuseme, kwa mfano tu, matengenezo ni shilingi 180,000, na ya mtumba ni 200,000 pamoja na 70,000 za kuiweka sawa. Tofauti halisi ni 90,000, si 20,000. Bei zikikaribiana sana, mimi hutumia kipimo kimoja. Fremu ikiwa nzima na kilichokufa ni magurudumu peke yake au mnyororo na meno peke yake, ninatengeneza. Vikifa vyote kwa pamoja, ninanunua baiskeli nzima.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Mwalimu, fremu yangu ni ya alumini, ina ufa karibu na ekseli ya pedeli. Fundi wa kuchomelea mageti anasema ataimaliza kwa nusu saa. Nimkubalie?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ataliziba lile tundu kweli, lakini moto wa kuchomelea hulegeza alumini ya pembeni, na nguvu yake hurudishwa kwa kuipasha joto kwa utaratibu maalumu ambao karakana ya mageti haina. Fremu itapasuka tena kando ya kiraka, pengine ukiwa kwenye mteremko. Ingekuwa ya chuma, ningekushauri umtafute fundi mzuri wa kuchomelea.

Mwanachama wa Dodoma: Rimu zangu ni 630 na matairi yake nimeyakosa kabisa. Naweza kufunga magurudumu ya 622?

Jibu: Mara nyingi inawezekana. Kipenyo kinapungua milimita 8, kwa hiyo rimu itashuka milimita 4 kutoka pale raba za breki zinapogusa sasa. Angalia mikono ya breki zako: kama tundu refu linaloshika raba bado lina nafasi ya kushuka milimita 4, umepona. Kama raba tayari ziko mwisho wa tundu, itabidi uongeze breki ndefu zaidi kwenye hesabu yako.

Mwanachama huyohuyo: Na matairi ya baiskeli za milimani za inchi 29? Nimesoma kwamba nayo ni 622.

Jibu: Ni kweli, yatakaa kwenye rimu ya kipenyo hicho, lakini ni mapana mno, yatasugua foku na fremu kabla hujatoka uani.

Mwanachama wa Morogoro: Shikamoo mwalimu. Mgongo unaniuma kwa usukani ule wa pembe. Nikiweka wa kunyooka, breki zilezile zitafaa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Hazitafaa. Bomba la usukani wa pembe lina milimita 23.8 pale mikono ya breki inapofungwa, na la kunyooka lina 22.2, kwa hiyo utanunua usukani pamoja na mikono yake, na shingo ya usukani nayo ipimwe kama italibana bomba jipya. Kwanza pandisha usukani uliopo kwa sentimita mbili, bila kuvuka alama ya mwisho iliyochongwa kwenye shingo hiyo, uendeshe kwa wiki moja.

Mwanachama wa Unguja: Nimeamua kununua nyingine. Hii ya zamani niiuze kwa bei ya chuma chakavu?

Jibu: Usiiuze kabla hujavua kiti, pedeli, breki, mikono ya gia na gurudumu lolote lililo zima. Pedeli ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha spana upande wa mshale wa saa, kinyume na ya kulia. Wengi wameharibu uzi wake kwa kutolijua hilo. Vipuri vipake mafuta kidogo, uvifunge kwenye mfuko mkavu mbali na upepo wa bahari, kisha fremu uipeleke kwa muuza vyuma.