Sukari ikishuka ghafla: nini kinaendelea mwilini na ufanyeje

Wengi wakisikia kisukari wanawaza kupanda tu, ila kwa anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya glibenklamidi, kinachoweza kumwangusha leo hii ni sukari kushuka. Mashine ikisoma chini ya 4 (au chini ya 70 kwa zile zinazosoma miligramu) hapo imeshuka, usibishane nayo.

Kwa kawaida mwili unajipanga wenyewe. Ukila ugali sukari inaingia kwenye damu, kongosho linatoa insulini, misuli inachukua yake na ini linajiwekea akiba, afu ukikaa masaa bila kula kongosho linapunguza insulini na kutoa homoni nyingine, glukagoni, ndo inayoliamsha ini lirudishe ile akiba. Ikizidi kushuka adrenalini nayo inaingia, ndo maana unatoka jasho jembamba, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio na njaa inakushika ghafla. Shida ni kwamba insulini uliyoichoma haina wa kuizima, itaendelea kushusha mpaka iishe nguvu.

Sasa ufanyeje. Ukisikia hizo dalili pima, ila nawa mikono kwanza, yaani usiruke hii, ukiwa umetoka kumenya embe kile kidole kina sukari juu yake na mashine inaweza kukuonyesha 12 wakati ndani uko 3. Kausha, toboa pembeni ya kidole. Huna mashine karibu? Usiitafute, jitibu tu.

Unahitaji kama gramu 15 za sukari inayoingia haraka: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida (zero haisaidii kitu hapa), au kijiko kikubwa cha asali. Subiri dakika 15 upime tena, bado iko chini rudia. Chapati, chokoleti na karanga sio za saa hii, mafuta yanachelewesha sukari kufika kwenye damu. Ikishapanda ndo ule chakula chenyewe.

Mtu akiwa hajitambui usimmiminie chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu na mtafute usafiri wa hospitali.

Na pombe jamani. Ini likiwa linashughulika na pombe linashindwa kutengeneza sukari mpya, so aliyekunywa bila kula na kachoma sindano anaweza kushuka usiku wa manane, na watu wanapita wanasema huyu kalewa, mwacheni alale. Mpimeni!

Kwa wanaofunga Ramadhani, ikisoma chini ya 4 (au 70 kwa mashine za miligramu) fungua hapohapo hata kama imebaki nusu saa adhana ya Magharibi, na kupima kwa kutoboa kidole hakuvunji saumu kwa hiyo usiogope kupima mchana.

Aliyeshushwa na vidonge vya glibenklamidi ni kesi tofauti kidogo, hasa mzee au mwenye shida ya figo. Dawa inakaa mwilini masaa mengi, anakunywa soda anachangamka vizuri, baada ya muda inashuka tena. Huyo mpeleke hospitali hata kama anakwambia yuko fresh, na usimwache alale peke yake.