Brauza gani kwa kompyuta ya zamani? Nilivyofanya kwenye mashine ya mjomba (Windows 7, RAM 2GB)

Mjomba ana steshenari, anatoa kopi na kuwajazia vijana fomu za ajira na za mkopo wa chuo. Mashine yake Dell OptiPlex 780, Core 2 Duo, RAM 2GB. Akanipigia, "Mjomba, hii brauza inaganda, niwekee nyepesi." Nikajua kazi ya nusu saa, nikatoka pale saa tatu usiku.

Hatua ya 1. Jua mashine yako: RAM ngapi, Windows ipi, biti 32 au 64. Yote yako kwenye Properties ya Computer.

Hatua ya 2: angalia saa. Usiruke hii, ndo iliyonila jioni nzima. Kila tovuti ilikuwa inakataa, inasema muunganisho si salama. Nikasema brauza imezeeka, nikaitoa nikaweka nyingine kutoka kwenye flashi, yaleyale. Ya tatu, yaleyale. Nikaisingizia ruta, nikawasha hotspoti ya simu yangu, MB zikaenda bure. Kumbe chini ya ule ujumbe kuna maandishi madogo ERR_CERT_DATE_INVALID na hiyo DATE ilikuwa inanitazama muda wote, nami sisomi. Kona ya chini kulia kompyuta inasema mwaka 2009. Sasa vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa mashine iliyobaki 2009 cheti cha leo bado hakijazaliwa, hapo hata ulete brauza gani itagoma.

Ukiweka tarehe vizuri halafu ukichomoa umeme ikarudi nyuma, betri ya mazabodi imekufa. Ni CR2032, ile ya duara bapa, mafundi saa wanazo, mimi nilipata kwa buku mbili. Chomoa waya wa umeme kabisa ndo ufungue, na upande wenye alama ya kujumlisha uangalie juu. Ukiwasha, bonyeza F2 (kwa Dell) uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe, uweke tarehe humo, kisha kwenye Windows chagua saa za Nairobi, Dar es Salaam usiitafute haimo. Na weka saa za kizungu jamani, mjomba aliandika 2:00 kwa sababu kweli ilikuwa saa mbili asubuhi 😂

Hatua ya 3: kuchagua. Kwa Windows 7 na 8.1 mimi naweka Firefox 115 ESR (toleo linalotunzwa kwa muda mrefu), sibishani. Chrome iliishia 109 mwanzoni mwa 2023 kwa Windows hizo. Firefox pia inabeba orodha yake yenyewe ya vyeti, haitegemei ya Windows iliyochoka. Idaunlodi kwa Mozilla wenyewe, sio zile tovuti zenye vitufe vitano vya kijani. Brauza ndogondogo kama K-Meleon ni nyepesi kweli, nimejaribu, ila fomu ikifika sehemu ya kupakia cheti cha kuzaliwa kitufe hakibonyezeki na mteja kasimama anakuangalia. Wepesi huo wa nini? Kama uko tayari kuhamia Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) hamia, maana Windows 7 yenyewe iliachwa Januari 2020, na mambo ya benki usifanyie kwenye Windows 7 hata brauza iwe mpya.

Hatua ya 4. Weka uBlock Origin, nyongeza ya brauza inayozuia matangazo. Hapa ndo wepesi wenyewe ulipo, matangazo yanakula RAM kuliko habari unayosoma. Nyongeza nyingine zote futa. Halafu andika about:processes pale juu unapoandika anwani, utaona kila kichupo kinakula kiasi gani. Mjomba alikuwa na vichupo 19, kumi na moja ni ukurasa uleule wa kuingilia barua pepe, kila mteja amefunguliwa wake na hakuna aliyefungiwa. Vichupo kama hivyo vifunge, na usiruhusu Firefox irudishe vichupo vya jana ikiwaka.

Hatua ya 5. YouTube ikikatakata wakati intaneti iko poa, weka nyongeza inayoitwa h264ify. YouTube hupenda kutuma video za VP9 (namna mojawapo ya kubana video), kadi za picha za zamani haziwezi kuzifungua, mzigo wote unaangukia prosesa. Nyongeza hii inailazimisha itume H.264, namna ya zamani ambayo kadi hizo zinaielewa. Bakia 480p, mpira unaonekana vizuri tu.

RAM ya kuongeza kwa 780 ni DDR3, usiuziwe DDR2, haiingii.