Mboga za kuoka kwa soya na tangawizi, ukiwa likizo Moshi

Desemba tukikusanyika nyumbani Moshi, lazima mmoja wetu tuliotoka nje atangaze kwamba leo anapika yeye. Mwaka juzi nilikuwa mimi. Kule ninakoishi mboga naziingiza tu kwenye oveni, nyuzi 220, basi. Kwa mama kuna plati mbili za gesi na jiko la mkaa. Nikajaza sufuria, nikamimina soya sosi yote, nikafunika. Mama akachungulia: "Mwanangu, hizi umechoma au umechemsha?"

Nilikuwa nimechemsha. Mboga zikilaliana hutoa maji, na palipo na maji hapaivi kwa kubabuka. Sosi nayo ikiwekwa mapema, hasa yenye asali, inaungua kabla karoti haijalainika.

Oveni si lazima. Fanya kama anayeoka keki kwa mkaa: sufuria pana na nzito, moto kidogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Ipashe kwanza. Karoti, koliflawa, bilinganya na hoho za soko la Mbuyuni zinatosha. Zikate saizi moja, zifute zikauke kabisa (hapa ndipo wengi tunapofanya uvivu), zipake mafuta ya alizeti, zitandaze bila kupandana. Zikiwa nyingi, oka kwa awamu. Baada ya dakika kumi na tano geuza, kisha zipe kumi hivi zaidi, mpaka kingo ziwe kahawia. Karoti ndiyo ya mwisho kuiva, kwa hiyo ianze yenyewe.

Wakati huo changanya vijiko viwili vikubwa vya soya sosi, kimoja cha asali, tangawizi ya kukwangua, kitunguu saumu na ndimu. Tangawizi ya Same ni kali, anza na kidogo. Mimina dakika tano za mwisho, koroga, funika. Chumvi usiongeze.

Kwenye begi sibebi tena duka zima. Soya sosi inapatikana supamaketi za Moshi na Arusha, na ndimu inashika vizuri nafasi ya siki ya mchele. Nabeba chupa moja tu, mafuta ya ufuta uliokaangwa, nikiifunga kwa mifuko miwili ndani ya begi kubwa, maana kwenye la mkononi inaweza kuzuiwa. Usiyakaangie. Ni ya kunyunyizia chakula kikishaepuliwa, kijiko kidogo kimoja. Chupa ikikosekana, nunua ufuta sokoni, ukaange mkavu hadi unukie, unyunyize juu.

Kijiko kikubwa kimoja cha soya sosi ya kawaida kina chumvi zaidi ya gramu 2. Kwetu baba ana presha, kwa hiyo sahani yake naitenga kabla sijamimina chochote, naikamulia ndimu na kuitia tangawizi. Mwaka jana ndiyo iliyogombaniwa.